Jibu: Mpiga piano wa kike aliyetunga simfoni enzi za Chopin

Ndugu, umeuliza kama enzi za Chopin, mtunzi na mpiga piano maarufu wa karne ya 19, alikuwepo mwanamke mpiga piano aliyetunga kazi kubwa. Alikuwepo: Louise Farrenc wa Paris, aliyezaliwa 1804. Mwaka 1842 alianza kufundisha piano Conservatoire, chuo kikuu cha muziki pale, kwa mshahara mdogo kuliko wa wanaume. Alivumilia miaka 8. Mwaka 1850 utunzi wake wa ala tisa ukapigwa, kijana Joseph Joachim, aliyekuja kuwa mpiga fidla mashuhuri, akiwa kwenye fidla, ukapendwa mno. Hapo akadai alipwe sawa na wenzake, akapewa!

Kinachoniuma ni simfoni zake 3 (tungo ndefu za okestra), hazikuchapishwa akiwa hai. Tafadhali anza kusikiliza ya tatu: inafunguka kwa obo, ala ya kupuliza, peke yake, inaita kwa upole.