Mistari ya kichochoroni na namna ya kuikatia picha

Kichochoro cha Mji Mkongwe, Zanzibar, kimejaa mistari: baraza za mawe chini ya kuta, kingo za mabati juu, nyaya za umeme zilizokatiza anga. Anayeanza kupiga picha huviingiza vyote, kisha jicho la mtazamaji linakosa pa kutua. Kabla hujabonyeza, ufuate mstari kwa macho hadi mwisho wake. Mstari ukiishia kwenye pipa la taka badala ya mtu uliyemkusudia, sogea.

Sogea kwa miguu, si kwa kuvuta picha karibu kwa lenzi (zoom). Chuchumaa, kamera iwe juu kidogo tu ya usawa wa baraza, na tumia lenzi pana ya milimita 24 hadi 28. Kamera kuu ya simu nyingi iko karibu na hapo. Baraza itaonekana pana mbele yako na kusinyaa haraka kuelekea mbali, na mvuto wote unatoka hapo. Ukipiga umesimama wima, mvuto huo unapungua.

Kukata, yaani kuondoa kingo za picha iliyokwisha kupigwa, kunakuja baadaye, na wengi hukutegemea kupita kiasi. Kukata hakubadilishi mahali uliposimama, kwa hiyo mstari usioelekea kwa mtu hautageuka. Kinachoweza kuondoka ni vishindani: waya wa kona ya juu, doa la mwanga ukingoni. Picha maarufu ya mwanamapinduzi Che Guevara aliyoipiga mpiga picha Alberto Korda huko Havana, Cuba, mwaka 1960 ilikuwa ya mlalo, yenye mtu mwingine upande mmoja na majani ya mti upande wa pili. Vilipokatwa, ikabaki sura ya Che peke yake.

Nyoosha picha iliyoinama kwanza, ndipo ukate, maana kunyoosha nako hula kingo. Usimkate mtu kwenye goti, kiwiko wala kifundo. Pitisha mkato katikati ya paja au juu ya kiuno.

Hesabu nayo ni muhimu. Faili la pikseli 6000 kwa 4000 likikatwa nusu ya upana na nusu ya urefu, megapikseli (pikseli milioni) 24 zinabaki 6. Ukiichapa kwenye karatasi kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni chapa ya sentimita 25 upande mrefu. Ukiigeuza picha ya mlalo ya 3:2 (uwiano wa upana kwa urefu) kuwa ya wima ya 4:5, karibu nusu yake inapotea. Ukijua itatumika wima, ipige wima. Na ukate nakala tu, faili la asili libaki zima.