Deni si kazi ya polisi

Swali la wiki hii lilikuwa: mtu aliyedhulumiwa hapa Uganda aanzie wapi, kwa LC (baraza la kijiji au mtaa, lenye mahakama yake ndogo), polisi au mahakamani? Kabla ya kuchagua mlango, ajue kwanza amedhulumiwa nini. Sheria inatenga jinai (makosa ya kuadhibiwa, kama kupiga au kuiba) na madai (migogoro kati ya watu, kama deni), na wengi wanaozunguka bila kupata haki waliyachanganya hayo mawili siku ya kwanza.

Chukua deni, maana ndilo linalojaza vituo vya polisi bure. Umemkopesha mwenye duka saruji ya shilingi 3,500,000, miezi imepita, simu hapokei. Kushindwa kulipa si kosa la jinai. Ingekuwa jinai kama alikulaghai tangu mwanzo, kwa mfano alijifanya mtu mwingine ili apate mali. Hapo polisi wanahusika. Vinginevyo, askari anayemtia selo ili alipe amegeuka mkusanya madeni, na mdaiwa huyo akipata wakili, kesi inaweza kukugeukia wewe uliyemfungisha.

LC je? Sheria ya mahakama za LC ya mwaka 2006 inaziruhusu kusikiliza madeni yasiyozidi shilingi 2,000,000 (migogoro ya ardhi ya kimila haina kikomo hicho). Tena mahakama ni kamati inayokaa pamoja. Mwenyekiti akiamua peke yake sebuleni kwake, hiyo si hukumu. Deni letu la saruji limepita kiwango. Usishawishike kulikata vipande viwili ili lienee LC: mbele ya sheria anayedai sehemu ya deni moja huhesabiwa ameisamehe iliyobaki.

Njia yake ni utaratibu wa madai madogo, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Andika barua ya kudai, taja kiasi na sababu, mpe mdaiwa siku 14. Baki na nakala, na uwe na ushahidi kwamba aliipokea: saini yake, au mtu aliyeshuhudia ukimkabidhi. Siku hizo zikiisha bila malipo, nenda mahakama ya hakimu, jaza fomu ya madai na uambatanishe karatasi zako. Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu humo, jambo linalopunguza gharama na pia maneno. Serikali haishtakiwi kwa njia hii.

Kesi hizi huharibikia kwenye karatasi. Mkataba umeandikwa “Mama Aisha wa sokoni”, wakati kitambulisho cha taifa kina jina jingine kabisa. Andikeni majina kamili na NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ya kila upande, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Mhuri wa LC1, yaani LC ya kijiji, unaonyesha kwamba mwenyekiti aliona mkisaini. Hauonyeshi kwamba mali ilikabidhiwa, kwa hiyo tunza risiti na ujumbe wa pesa za simu. Na usilale: madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6, na ukiidai serikali ni miaka 3 tu.

Zaidi ya milioni 10, hakimu wa Daraja la Kwanza anafika milioni 20, Hakimu Mkuu milioni 50, kinachobaki ni cha Mahakama Kuu. Huko tafuta wakili.

Kwenye jinai, mlango ni polisi. Ukipigwa, omba fomu PF3, ile ya polisi ya kujazwa na daktari, na upimwe mapema, majeraha yangali yanaonekana. Ushahidi wa daktari ndio hubeba kesi za namna hii. Usiondoke kituoni bila namba ya SD, ile ya daftari la kituo, maana bila hiyo hakuna faili la kufuatilia. Kumnajisi mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, hakumalizwi kwa mbuzi wala fedha mbele ya LC, hata wazazi wa pande zote wakikubaliana.

Ukikamatwa wewe, ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 tangu kukamatwa. Wanaokamatwa Ijumaa jioni wanajua jinsi saa hizo zinavyonyooshwa hadi Jumatatu, ingawa Katiba haikutaja wikendi. Bondi ya polisi, yaani kuachiwa kwa muda na kituo, ni bure kabisa. Dhamana ya mahakama yaweza kudai fedha taslimu: hizo hulipwa benki, na risiti yake ndiyo utakayorudishiwa fedha kesi ikiisha, kwa hiyo usimwachie “mtu wa mahakama” akulipie.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini mahakamani bado husomewa mashtaka kwa Kiingereza. Ibara ya 28 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha hiyo mkalimani bila malipo. Mwombe kabla hujaulizwa kama unakubali kosa. Wapo wanaoitikia “ndiyo” kwa heshima tu, na hakimu anaandika kwamba wamekiri.