Mkuu usiuze nyumba ya marehemu na msiba bado mbichi. Mimi niliuza

Simama hapo hapo. Umesema mzee amefariki wiki tatu zilizopita, dalali ameshaleta mteja kuangalia nyumba ya Tabata, mteja ana milioni 55 taslimu na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Halafu unauliza mirathi inaanzia wapi, kodi kiasi gani, hela iingie akaunti ya nani, na ndugu watano mgawane vipi. Yaani umeshauza tayari kichwani, unatafuta karatasi tu.

Mimi niliuza ya Mbagala, 2017. Vyumba vinne, uwanja mita 20 kwa 25, mwembe uani. Mzee hajafikisha hata miezi mitatu kaburini. Na wala msidhani niliruka sheria: usimamizi wa mirathi nilipewa mahakamani, dada zangu wote wawili walisaini, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Niliumia kihalali kabisa.

Siku ya mteja niliamka vizuri tu, kichwani nina milioni 60, nikishuka sana 55. Tumezunguka vyumba, tumetoka uani, tunarudi mlangoni nikakuta makobazi ya mzee. Yale ya tairi, ya kuendea msikitini. Hakuna aliyeyaondoa. Koo likakaba. Dalali, na huyu Mungu anamwona, akaniona. Akajifuta jasho kwa leso, akasogea karibu, akasema polepole, "Bosi, 38, tumalize leo, upumzike." Nikasema sawa. Sikubishana hata mara moja! Mimi, ambaye pale Rangi Tatu nabishania fungu la mchicha mpaka muuzaji ananifukuza. Nilichokuwa nataka ni kuondoka kwenye ule uwanja, basi. Dalali akala asilimia 10 yake, na baadaye nikasikia kwa mteja kulikuwa na cha juu vilevile.

Miezi minne mbele jirani akauza. Nyumba ndogo kuliko yetu, haina hata mwembe. Milioni 61. Dada yangu mkubwa alinipigia simu akaniambia bei hiyo, akanyamaza, akakata. Afadhali angetukana.

Hamjacheka bado? Ngojeni. Katika fungu langu nikaenda yadi kununua Noah. Wakasema 13 na nusu, nikatoa 13 na nusu. Mwenzangu kazini aliichukua ya aina hiyohiyo, yadi hiyohiyo, kwa 11. Nikajiona nimerogwa. Nyumba nimetoa kwa bei ya chee, gari nimelipa bei ya mgeni.

Miaka ikapita, mtoto wa dada yangu anasoma saikolojia chuo, akanionyesha utafiti wa Marekani wa 2004, wa Jennifer Lerner na wenzake. Watu walionyeshwa kipande cha filamu cha kuhuzunisha, mtoto anamlilia mtu wake aliyekufa, kisha wakapewa biashara ndogo isiyohusiana kabisa na filamu: kupanga bei ya seti ya kalamu za kuwekea rangi maandishi. Waliohuzunika, wakiwa wauzaji walishusha bei, wakiwa wanunuzi walipandisha. Maelezo yao ni kwamba huzuni inakutia hamu ya kubadilisha hali uliyonayo, kwa hiyo ulicho nacho unataka kiondoke, usicho nacho unakitaka kije. Nikamwambia mpwa wangu huyo, hawa wazungu wamenifuata Mbagala na kalamu zao. Kama filamu ya dakika chache inamfanya hivyo mtu asiyefiwa, je, makobazi?

Tena nina hasira na baba mdogo kuliko dalali. Dalali ni kazi yake, simba utamlaumu kwa kula swala? Lakini mzee mzima, kwenye mkeka wa matanga, anasema, "Nyumba ya marehemu ni kidonda, iuzeni mpone." Tukamwona ana hekima. Yeye ya baba yake huko kijijini anaishi humo hadi leo, na hatujamsikia akiugua.

Kwa hiyo sikiliza. Bei ya nyumba apange mtu asiyelia. Tafuta mtu nje ya familia anayejua bei za mtaa huo, aulize zilizouzwa karibuni, aandike namba kwenye karatasi kabla mteja hajakanyaga uwanjani. Siku ya mazungumzo aende yeye, wewe baki nyumbani. Chini ya namba hiyo hakuna mauzo, hata dalali alie kukuzidi. Mtasema wengine wana shida ya hela, hawawezi kusubiri. Pangisheni vyumba, kodi ya miezi sita inaingia na nyumba bado yenu. Na ya Ijumaa mwambie mteja arobaini haijafika. Akikimbia, na akimbie.

Mirathi nenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kabla msimamizi hajateuliwa huna cha kumuuzia mtu, kwa hiyo hata hiyo Ijumaa ni ya uongo. Hayo mengine ya kodi na akaunti wadau watakujibu.

Mimi nijibu hili tu: hiyo milioni 55, wa kwanza kuitaja alikuwa nani, wewe au dalali?