Dalali Gani wa Kumwamini Unaponunua Nyumba?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tumepanga Tabata kwa miaka 11, na sasa tuna akiba ya kununua nyumba ndogo upande wa Kinyerezi. Madalali wanne wameshatuzungusha, kila mmoja akidai hela ya kuonyeshwa. Wa mwisho ametupeleka kwenye nyumba tuliyoipenda sana, lakini anataka malipo ya awali ya shilingi milioni 5 kabla ya Ijumaa, akisema kuna mteja mwingine anayeisubiri. Mwenye nyumba, kwa maelezo yake, yuko safarini na amemwachia kila kitu. Tutamtambuaje dalali mkweli?
Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Mama, nakuomba msilipe hiyo milioni 5 hadi mtakapokuwa mmeonana na mwenye nyumba. Dalali anayestahili kuaminiwa hukukutanisha na muuzaji mapema, hata kabla hamjaanza kuvutana kwenye bei, na hukupa nakala ya hati bila kukuzungusha. Anayesimama katikati ili msionane, mara nyingi analinda kitu, na mara nyingi kitu hicho ni cha juu: mwenye nyumba ametaja milioni 60, wewe unaambiwa 75, na tofauti hiyo inaingia mfukoni mwake bila ninyi wawili kujua.

Yaliyonipata mimi yanafanana na yenu. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa kuona nyumba na dalali aliyeletwa na dalali mwenzake, ambaye naye alikuwa akipokea maelekezo kwa simu kutoka kwa wa tatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kumwona mwenye nyumba. Wakati wakibishana kuhusu ufunguo, nilivuka barabara kununua maji kwa mama muuza mkaa, nikamuuliza jirani yake anaitwa nani. Alinijibu bila kusita kwamba mzee alikwisha kufariki na watoto walikuwa bado wanagombea mirathi. Nakala niliyoonyeshwa ilikuwa na jina la marehemu. Tangu siku hiyo sijawahi kumshauri mtu anunue nyumba kabla hajarudi pale peke yake, bila dalali, akazungumza na majirani wawili watatu na mjumbe wa eneo.

Mkishampata muuzaji, mwambieni dalali kwamba mnataka kufanya upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ambako mtajua kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani na kama kimewekwa rehani benki. Kama nyumba ina leseni ya makazi tu, yaani kibali cha muda cha kuishi kwenye eneo lisilopimwa, ulizeni manispaa, na kama haina hata hiyo, serikali ya mtaa ndiyo mahali pa kuanzia, ingawa muhuri wa mtaa peke yake haumfanyi mtu kuwa mmiliki. Msikilizeni dalali anavyopokea ombi hilo. Mzoefu na mkweli atawaambia nendeni, pengine atawasindikiza, kwa sababu upekuzi unamlinda na yeye pia. Anayekasirika na kusema mnamchelewesha amekwisha kujieleza.

Kama muuzaji ana ndoa, ulizeni habari za mwenzi wake hata kama hati ina jina moja, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Kama ni nyumba ya mirathi, anayeuza awe na barua ya mahakama ya kumteua kuwa msimamizi. Na kama kweli mwenyewe yuko safarini, kuwe na hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, wala si ujumbe wa simu.

Kuhusu eneo, dalali wa kweli hawafichi wateja wake mto wala barabara. Mnakumbuka mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na baadhi ya waliobomolewa walikuwa wameishi hapo miaka mingi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kinyerezi ina mabonde, kwa hiyo nendeni mkaiangalie nyumba hiyo siku ya mvua kubwa.

SWALI: Je, ada ya dalali na kodi za mauzo anazilipa nani?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ada ni makubaliano, kwa hiyo iandikwe kabla ya kuanza kutembea: kiasi gani, nani analipa na lini, na iwe baada ya mkataba wa mauzo kusainiwa. Akilipwa na pande zote mbili, dalali anapaswa kuzijulisha zote. Mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi, na uandaliwe na wakili wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida inayotokana na kuuza mali, ni ya muuzaji, lakini andikeni hivyo ndani ya mkataba na mbakize sehemu ya bei mpaka ilipwe, maana bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) uhamisho wa hati hausajiliwi, na mnunuzi ndiye anayebaki akihangaika.