Padre wangu anasemwa vibaya: je, maungamo yangu yalikuwa halali?

*Shangazi, naishi Mafinga. Padre aliyekuwa akiniungamisha amehamishwa, na sasa inasemekana ana mtoto na mwanamke wa hapa mjini. Sipati usingizi nikijiuliza kama dhambi zangu ziliondolewa kweli. Tena kuna fedha za kikoba nilizozichukua nikiwa mweka hazina. Hizo sikumtajia, kwa kuwa anafahamiana sana na mama yangu.*

Mwanangu, kuhusu padre, ondoa hofu. Katika karne ya 4 Wadonati, Wakristo waliojitenga na Kanisa huko Afrika ya Kaskazini, walishikilia kwamba sakramenti inayotolewa na mhudumu mkosefu ni batili, na Mtakatifu Augustino akawapinga kwa hoja kwamba atendaye katika sakramenti ni Kristo mwenyewe. Ikiwa padre huyo alikuwa na daraja halali ya upadre na ruhusa ya kuungamisha, akatamka maneno ya maondoleo, basi mwenendo wake haukuyabatilisha, hata kama uvumi huo (ambao mimi na wewe hatuna ushahidi wake) ungethibitika.

Nadhani kinachokukosesha usingizi ni zile fedha. Dhambi iliyosahauliwa baada ya mtu kujichunguza kwa uaminifu huondolewa pamoja na nyingine, naye huitaja siku atakapoikumbuka. Dhambi ya mauti, yaani dhambi kubwa, iliyofichwa kwa makusudi ni jambo jingine kabisa: Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu) ulifundisha mwaka 1551 kwamba dhambi hizo zote zinazokumbukwa sharti ziungamwe, na kanuni ya 988 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai zitajwe kwa aina na idadi. Uzito wa kosa lako atakusaidia kuupima padre muungamishi, ingawa sitakuficha kwamba akiba iliyochangwa na wanawake wanaouza nyanya na viazi si kitu kidogo machoni pangu. Kama ulijua ni dhambi kubwa ukainyamazia kwa aibu, maungamo hayo na yaliyofuata ukiwa bado unaificha yanapaswa kurudiwa, ukitaja pia komunyo ulizopokea katika hali hiyo.

Hulazimiki kuungama kwa mtu anayeifahamu familia yenu. Panda basi uende Iringa au Njombe, umwendee padre asiyekujua, naye amefungwa na siri ya kitubio asiyoweza kuivunja kwa sababu yoyote. Mwambie tangu mwanzo kwamba ulificha jambo na unahitaji msaada wa kupanga maungamo yako. Atakuuliza maswali, nawe utajibu tu.

Fedha utazirudisha, kidogo kidogo ikibidi, kwa sababu haki ya wenzako haiishi kwa wewe kupewa maondoleo. Hata hivyo, Kanisa halikudai usimame mbele ya kikundi na kujitangaza, kwa hiyo muulize muungamishi huyo njia ya kuzifikisha bila jina lako kujulikana, na ukubaliane naye utaanza lini.