Kuunga mkanda wa ngozi wa mashine: anza na kisu, gundi baadaye

Mkanda wa ngozi mara chache hukatika katikati. Hukatikia kwenye kiungo, halafu lawama zinaenda kwa ngozi. Chukua puli ya mota yenye kipenyo cha milimita 150, inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, ikivuta mkanda wa mita 3.8 hivi. Mkanda huo unakimbia mita 11 kwa sekunde, na kiungo chake kinapinda juu ya puli hiyo ndogo zaidi ya mara 10,000 kwa saa. Kasoro yoyote uliyoiacha, iwe kona iliyopinda au tundu lililo karibu mno na ncha, inavutwa na kupindwa mara zote hizo.

Vitabu vya usanifu wa mashine vinakadiria nguvu ya kiungo kwa kuilinganisha na mkanda mzima. Kiungo cha gundi kilichofanywa karakana hupewa asilimia 80 hadi 90, waya uliopachikwa kwa mashine 75 hadi 85, kushona kwa ukanda wa ngozi mbichi 60 hadi 70, na kulabu za bawaba 35 hadi 40. Kwa tarakimu hizo gundi inashinda, na kweli inashinda. Lakini mkanda mpya usiupake gundi siku ya kwanza. Ngozi mpya hurefuka, na ukishaigundisha utalazimika kuikata tena baada ya siku chache. Kama mota haikai kwenye reli za kuisogeza nyuma, funga kwa kulabu au kwa kushona kwanza, uache mashine ifanye kazi siku kadhaa, kata ule urefu uliozidi, ndipo ugundishe.

Urefu na mkato

Njia rahisi ya kupata urefu ni kuzungusha futi ya chuma juu ya puli zote mbili. Kama hazifikiki, kokotoa. Zidisha umbali wa shafti kwa shafti mara mbili. Jumlisha vipenyo viwili na uzidishe kwa 1.57, kisha chukua tofauti ya vipenyo, izidishe kwa yenyewe, ugawe kwa mara nne ya ule umbali. Jumlisha vyote vitatu. Puli ya milimita 400 na ya 150, shafti zikiwa umbali wa 1,500, zinatoa 3,000 + 864 + 10, yaani 3,874. Mkanda ukifungwa kwa kupishana, yaani kwa umbo la nane (8), kwenye ile hesabu ya mwisho tumia jumla ya vipenyo badala ya tofauti.

Sasa punguza kiasi cha asilimia moja ili mkanda ukae umekaza. Hapa ni kama milimita 39, kwa hiyo unakata 3,835. Kwa kiungo cha gundi ongeza urefu wa sehemu itakayolaliana. Hili husahaulika sana, na mkanda ukishakuwa mfupi hauna dawa ila kuongezwa kipande, yaani viungo viwili badala ya kimoja.

Mkato lazima uwe pembe mraba kamili. Tatizo ni kwamba ukingo wa mkanda wa ngozi, hasa uliokwisha kutumika, huwa haujanyooka, hivyo skwea ukiiegemeza ukingoni inakudanganya. Pima katikati ya upana karibu na ncha, pima tena katikati sentimita 40 nyuma yake, unganisha alama hizo mbili kwa mstari, halafu weka skwea kwenye mstari huo. Kata kwa kisu kikali ukifuata rula ya chuma, si kwa mkasi.

Kuhakiki ni hivi: zikutanishe ncha mbili mezani, kisha pindua moja chini juu uzikutanishe tena. Pengo lenye umbo la V likitokea, mkato mmoja una mshazari. Usifanye jaribio hili mara moja tu bila kupindua, maana mishazari miwili inayoelekeana hukaa vizuri kabisa ikikutana, na kasoro ikajificha.

Kabla ya kuunga, amua upande. Ngozi ina upande wa manyoya, laini na unaong'aa, na upande wa nyama, wenye nyuzinyuzi. Upande wa manyoya ndio unaolalia puli. Unashika vizuri zaidi, na nyuzi zenye nguvu za upande wa nyama zinabaki nje, ambako mkanda ukipinda ndiko kunakovutika zaidi. Wengi hugeuza kwa sababu ule wa nyama unaonekana "una kucha". Kucha hizo huisha haraka.

Gundi

Kwa mkanda wa ngozi ya tabaka moja wenye unene wa milimita 5, sehemu ya kulaliana isipungue milimita 100, na 150 ni bora kwa mkanda mpana. Chonga ncha moja kutoka upande wa manyoya na nyingine kutoka upande wa nyama, zote kwa mshazari mmoja unaoteremka polepole hadi ncha ibaki nyembamba kama karatasi nene. Tumia randa ndogo iliyonolewa au kisu cha ngozi, umalize kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha ubao. Usitumie msasa mtupu kwa vidole, utachimba bonde katikati. Zilaze pamoja bila gundi na uupitishe mkono: unene wa kiungo uwe sawa na wa mkanda. Kikizidi hata milimita moja utasikia mlio wa tak-tak kila mzunguko, na kila mlio ni pigo kwa beringi.

Adui mkubwa wa gundi ni mafuta. Ngozi ya mkanda hutiwa mafuta kiwandani, na ya zamani imekunywa na ya mashine. Futa nyuso zilizochongwa kwa kiyeyushi cha kuondolea mafuta, ukitumia kitambaa safi kila mara, acha pakauke, kisha kwaruza tena kwa msasa. Rudia mpaka kitambaa kisitoke na doa. Fanya kazi hiyo pahali penye hewa, mbali na moto.

Gundi ya viatu, ile ya kupaka pande zote mbili ukasubiri, inafaa. Paka mkono wa kwanza mwembamba, uusugue uingie kwenye nyuzi, uuache ukauke. Paka wa pili. Gusa kwa mgongo wa kidole: isiponata kidoleni, wakati umefika. Panga ncha zote juu ya mstari uliochorwa mezani, na karatasi yenye nta katikati yao, kwa sababu zikishagusana hazisogei tena. Vuta karatasi kidogo kidogo huku ukikandamiza kuanzia ncha moja kuelekea nyingine ili hewa itoke. Gonga kwa nyundo ya uso mpana, kisha bana kati ya mbao mbili bapa kwa jiliwa, uache saa 24. Gundi ya kupika ya ngozi nayo ni imara sana, ila iloweshe kwanza kwenye maji baridi, uiyeyushe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, karibu nyuzijoto 60, na isichemke. Hiyo usiitumie mahali penye unyevu.

Kiungo cha mshazari kina mwelekeo. Ncha inayoonekana nje ya mkanda ielekee nyuma, kinyume cha mwendo, ili upepo na rola ya kukazia visiikwangue na kuiinua. Ukifanya hivyo, ncha ya ndani inaelekea mbele, na puli ya mota ikiteleza inaipapasa kwa kuilaza. Chora mshale mgongoni mwa mkanda kabla hujaufunga. Baada ya miezi hakuna atakayekumbuka.

Kushona kwa ukanda wa ngozi mbichi

Hii ndiyo njia ya kurekebisha papo hapo. Udhaifu wake ni matundu. Mkanda wa milimita 150 ukitobolewa safu moja ya matundu manne ya milimita 8, umepoteza 32, zaidi ya sehemu moja ya tano ya upana wake, kabla haujavuta chochote. Yakiwa ya duara la yai yenye upana wa milimita 5, marefu kufuata urefu wa mkanda, unapoteza 20 tu. Kwa hiyo panchi ya duara la yai ina thamani yake.

Kwa upana huo, toboa matundu saba kila ncha: manne safu ya mbele, matatu safu ya nyuma, yakipishana. Safu ya mbele ikae milimita 22 kutoka kwenye mkato, ya nyuma 45, na tundu la pembeni lisikaribie ukingo zaidi ya milimita 20. Mkanda mwembamba punguza idadi, umbali kutoka kwenye mkato ubaki. Matundu ya ncha zote mbili yaelekeane sawasawa. Weka ncha moja juu ya nyingine uweke alama kwa msharasi.

Uzi wenyewe, yaani ule ukanda wa ngozi mbichi, wa upana wa milimita 8 hadi 10 kwa mkanda huu, anza nao katikati, nusu iende kushoto na nusu kulia mpaka ukingoni, kisha zote zirudi. Upande wa puli kila mshono ulale sambamba na mwendo wa mkanda. Kupishana kuwe nje tu, maana mshono uliopishana ndani unasagwa na puli mpaka ukatike. Kaza kwa mkono, kiasi kile kile pande zote mbili; ukitumia koleo upande mmoja utakuwa mfupi. Usifunge fundo. Malizia kwa kupenyeza ncha ya uzi kwenye kitundu cha msharasi, uikate kidogo pembeni ili ijinase.

Kulabu za waya

Hizi ndizo zile kulabu za bawaba: hupachikwa kwa kibanio maalumu na hushikwa na pini katikati. Chagua saizi kwa unene wa mkanda: miguu ikiwa mifupi haitokezi na kujikunja upande wa pili, mirefu inabaki imesimama na kuchana puli. Zizamishwe ndani ya ngozi, usizisikie ukipitisha kipande cha mbao. Pini iwe fupi kuliko upana wa mkanda kwa milimita chache, na ibadilishwe ikilika. Kwa puli ndogo sana hazifai, miguu inavunjika. Na mkanda wenye chuma hausukumwi kwa mkono hata ukienda polepole. Zima, kata umeme, ndipo uguse.

Mkanda wa duara wa cherehani ni habari ndogo: mkato mraba, tundu milimita 5 kutoka kwenye ncha, kikulabu kifungwe kwa koleo mpaka ncha ziguse tu. Ukikibana zaidi kinakata ngozi.

Mkanda ukisogea pembeni mara moja kila mzunguko, kosa ni mkato. Ukikaa pembeni muda wote, angalia shafti kama ziko sambamba, kiungo hakihusiki. Matundu yakichanika kuelekea kwenye ncha, ulitoboa karibu mno; ngozi ikikatika kutoka tundu hadi tundu, ni mengi au makubwa mno. Gundi ikifunguka kuanzia nchani, ncha ilibaki nene au mshale umegeuzwa. Ikifunguka katikati, ni mafuta. Mkanda ukiteleza, usiumwagie ulimbo: unashika leo, kesho uso umekuwa kioo na ngozi imeanza kupasuka. Usafishe, upake mafuta ya nyonyo kidogo upande wa nje, na kama bado unateleza, ni mrefu. Ufupishe.