Inchi ngapi zinatosha? Laptopu ya kubeba na laptopu ya kukodolea macho

Safari hii maswali ya kompyuta yamejaa kweli kweli, nimechukua matatu. La kwanza nimelijibu kwa kirefu sababu wengi mnauliza hilohilo kwa maneno tofauti, na jibu lake linagusa mfuko, mabega na macho kwa pamoja.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya utalii hapa mjini Arusha ila naishi Usa River, kila siku asubuhi na jioni nipo kwenye hiace na laptopu nakwenda nayo narudi nayo maana kazi nyingine namalizia nyumbani watoto wakilala. Niliyonayo imechoka. Mume wangu anasema nichukue ya inchi 15.6 kwa vile nashinda kwenye Excel, mdogo wangu anasema 14 inatosha, kijana wa dukani kaniambia 13 ndo za kisasa. Mabega yanauma na macho yanauma, sasa nisikilize nani? Mhasibu wa Usa River

JIBU: Dada yangu pole. Mumeo ana hoja na mdogo wako ana hoja, huyo wa dukani yeye ana mzigo anataka uishe. Kabla ya kuchagua inabidi tujue hizo inchi zinapimwaje, maana hapo ndo wengi wanapigwa. Kioo kinapimwa mshazari, kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili, sio upana. Sasa ukichukua rula, kioo cha 15.6 cha umbo la kawaida kina upana wa sentimita 34.5 na kimo 19.4, cha 14 ni 31 kwa 17.4. Yaani vidole viwili kwa upana na kama kidole kimoja kwa kimo, basi. Mezani hiyo tofauti unaizoea ndani ya wiki, ila kwenye begi huizoei, kwa sababu kioo hakibebwi peke yake, kinakuja na bodi lake, kibodi yake, betri yake, na nyingi za 15.6 bodi lina upana wa sentimita 36 hivi wakati za 14 ziko kwenye 32 au 33.

Uzito sasa. Laptopu za ofisi za inchi 14 nyingi ziko kilo moja na nusu hivi, HP EliteBook 840 G5 kwa mfano ni kilo 1.48, ThinkPad T480 inazidi hapo kidogo. Za 15.6 nyingi zinacheza kati ya kilo 1.7 na 2.2. Utaniambia nusu kilo ni nini, ni sukari ya nusu kilo tu! Sawa, ila weka na chaja, weka chupa ya maji, hotpoti, mwavuli, halafu simama stendi unasubiri gari jioni mvua inanyesha na magari yote yanapita yamejaa, hapo ndo utaijua hiyo nusu kilo. Na chaja watu wanaisahau kabisa. Uliza kama laptopu inachaji kwa tundu la USB-C, maana chaja za hivyo nyingi ni ndogo na moja inaweza kuhudumia laptopu na simu.

Haya tuje kwenye Excel, ambako mumeo anadhani ameshinda. Kioo kikubwa sio lazima kionyeshe mistari mingi zaidi. Idadi ya safu na mistari unayoiona inategemea pikseli, vile vidoti vinavyotengeneza picha. Laptopu nyingi za bei nafuu za 15.6, hasa za zamani, zina pikseli 1366 kwa 768. Ya 14 yenye 1920 kwa 1080, ambayo watu wanaiita full HD, ina pikseli karibu mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo unaweza kununua likioo likubwa ukabeba mzigo mzito na bado Excel yako ikaonyesha mistari michache kuliko ya mwenzio mwenye kidogo, herufi zimevimba tu na zina chengachenga. Utasema basi kwenye ya 14 herufi zitakuwa ndogo. Kweli, ndo maana kuna seting ya kukuza, ukiweka asilimia 125 inakuwa kama una nafasi ya 1536 kwa 864, herufi zinasomeka vizuri na bado umeizidi ile ya 1366. Mi nikimwona mtu anauliza inchi tu bila kuuliza pikseli namwonea huruma, ni kama kununua shamba kwa kuhesabu hatua za upande mmoja.

Na kuna umbo. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina kioo kirefu kidogo kwenda juu, wanasema 16 kwa 10 badala ya 16 kwa 9. Ya inchi 14 ya umbo hilo ina kimo cha sentimita 18.8, imeachwa na ile 15.6 ya kawaida kwa nusu sentimita tu. Kwa mtu wa majedwali na barua, kimo ni mali kuliko upana, upana ni wa watazama muvi.

Ila nisimuonee mumeo, kuna sehemu moja 15.6 inaipiga 14 waziwazi na ajabu wewe mhasibu hukuitaja. Nyingi za 15.6 zina zile namba za pembeni upande wa kulia wa kibodi, na mtu aliyezoea kuingiza risiti kwa vidole bila kuangalia ukimnyima hizo namba umemkata mkono. Za 14 karibu zote hazina. Dawa yake ni kibodi ndogo ya namba tupu inayochomekwa USB, inaingia hata kwenye mkoba. Na kumbuka hizo namba zina ubaya wake, zinasukuma kibodi kushoto kwa hiyo unakaa umepinda kidogo siku nzima, huenda bega lako moja linajua ninachosema.

Uamuzi wangu: chukua 14, full HD, na hela inayobaki nunua monita ya mtumba ya inchi 22 au 24 ikae pale unapofanyia kazi muda mrefu zaidi, iwe ofisini au nyumbani, unachomeka waya wa HDMI unaopeleka picha kwenye monita, unakaa kama bosi. Monita nyingine zina tundu la zamani la VGA tu, kwa hiyo angalia matundu ya monita na ya laptopu kabla hujalipa. Njiani unabeba kidogo, mezani unatazama kikubwa. Hiyo 13 mi singekupa, ni nzuri kwa mtu anayeandika na kujibu barua pepe, lakini Excel ya kushinda nayo bila monita utajuta. Kama ofisini tayari kuna monita na nyumbani unafanya nusu saa tu, hapo naweza kubadili mawazo.

Nina sababu ya kuwa mkali hivi. Miaka hiyo nakaa Sakina nilinunua 17.3, niliiona dukani inang'aa kama televisheni nikachanganyikiwa. Begi lililonitosha halikupatikana, nikashonesha kwa fundi. Asubuhi kwenye hiace konda anasema jamani wanne wanne, mimi nimepakata hilo dude, mama wa pembeni kapakata mtoto, mtoto ana nafasi kuliko laptopu yangu. Wanaiita kompyuta mpakato lakini ile haikupakatika. Mwisho bawaba ya kioo ikaanza kulegea sababu ya kubanwabanwa, nikarudi kwa aliyeniuzia akasema hiyo sio garantii ni matumizi mabaya. Niliiuza kwa hasara, aliyeinunua anachezea magemu nyumbani, hajawahi kuitoa nje, wanapendana.

Usiniamini mimi lakini, pima mwenyewe. Kata boksi la kadibodi sentimita 33 kwa 23, hiyo ni 14. Kata jingine 36 kwa 25, hiyo ni 15.6. Ukitaka kujua 13 ilivyo chukua karatasi ya A4, MacBook Air ya M1 inakaribia kabisa kuwa saizi ya A4, ndo maana wenye nazo wanazibeba kama daftari. Tia kwenye begi lako pamoja na vile vitu vyako vya kila siku, funga zipu, panda gari. Boksi ukishalikata halidai hela.

Na ukienda kununua mtumba, washa, ingia kwenye seting za displei usome namba za pikseli kwa macho yako, usikubali kuambiwa. Modeli moja inaweza kuja na vioo vya aina tofauti, jina kwenye bodi ni lilelile, cha ndani sicho. Kaa pembeni kidogo uangalie kama rangi zinageuka, kama zinageuka ni kioo cha bei rahisi na kitakuchosha. Kodolea macho kibodi pia, zipo zinazotoka Ujerumani ambazo Z na Y zimebadilishana nafasi, na za Ufaransa ndo kabisa, A ipo kwenye Q.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Moshi, nina miaka 54. Nasoma kazi za wanafunzi kwenye laptopu ya inchi 14 kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita. Shingo inakakamaa na herufi zinacheza. Nataka nihamie ya inchi 17. Nitapona? Mwalimu wa Rau

JIBU: Shikamoo mwalimu. Shingo haitapona, macho labda kidogo. Shingo inakakamaa kwa sababu kioo cha laptopu kimegandishwa na kibodi, mikono ikikaa vizuri kichwa kinainama, kichwa kikikaa vizuri mikono inaning'inia, na hiyo ya 17 ni vilevile. Nyanyua laptopu juu ya vitabu, na walimu vitabu hamkosi, mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho au chini kidogo tu, halafu chomeka kibodi na mausi ya pembeni. Kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, kama sentimita 50 mpaka 70.

Hapo kwenye umbali ndo nina wasiwasi na miwani yako. Miwani ya kusomea kwa kawaida inapimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi, kompyuta iko mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo bila kujua unasogeza uso mbele uione, shingo inalipa. Hapo hospitali ya KCMC kuna idara ya macho, nenda kapime na uwaambie kabisa kwamba unasoma kwenye kompyuta na umbali ni huu, hata ukipima kwa kamba uende nayo hawatakucheka. Wakati unasubiri miwani, kuza herufi, na kila dakika 20 tazama kitu cha mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, toka hata barazani kama mlima umefunguka uutazame, usiku basi tazama taa za jirani.

Baada ya hapo kama bado unataka kioo kikubwa ningekwambia monita kama nilivyomwambia dada wa Usa River, ila wewe nakupa nafasi ya kukataa. Umeme ukikatika monita inazima palepale, laptopu inaendelea na betri yake. Kama mtaani kwenu umeme unakatika mara kwa mara na hiyo kompyuta haitoki mezani, 17 ina mantiki, ilimradi usije kuipandisha bodaboda halafu ukanilaumu.

SWALI: Kaka mambo, mi nasoma chuo Arusha mwaka wa kwanza nimeona kilaptopu cha inchi 11.6 bei chee kabisa, chepesi, betri inakaa. Nikibebe? Dogo wa Njiro

JIBU: Poa dogo. Betri inakaa kweli na wepesi ni kweli, kioo kidogo kinakula umeme kidogo. Ila geuza upande wa chini usome, vingi vya hivyo vya bei chee ni Chromebook zilizotumika mashuleni huko nje, zinatumia mfumo wa Google, hazina Windows, na kila moja ina tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho ambayo yawezekana imeshapita ndo maana inauzwa hivyo. Kama ina Windows uliza memori ya RAM, ikiwa ni GB 4 zilizogandishwa kwenye bodi la ndani huwezi kuongeza, achana nayo. Kwa kioo cha inchi 11.6 hutaweza kufungua noti upande mmoja na asaimenti upande mwingine, utakuwa unarukaruka kati ya madirisha kama panzi mpaka unasahau ulichokuwa unanukuu. Subiri mwezi mmoja uongeze hela, tafuta ya 12.5 kama ThinkPad X270, au hiyo 14 ambayo nimeshaiimba hapo juu hadi nimechoka. Na ukienda kununua usiende Ijumaa jioni ukiwa na haraka, nenda asubuhi uiwashe ukae nayo nusu saa hapohapo dukani, atakayekunyima hiyo nusu saa muachie mali yake.